Tulilala porini, na mvua ikanyesha



Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kwamba chama chetu kitapeleka wasichana kulala porini usiku mbili, na kwamba mvua haitatuzuia. Tangu siku ile sikupata amani. Nikienda sokoni nasimamishwa. Mama mmoja wa kikundi cha sabuni aliniuliza kama nimechoka na watoto wa watu. Mwingine alianza kucheka, halafu akaacha, akaniambia: "Mama, pori tulilolala linatosha."

Basi tumekwenda na tumerudi. Watoto wote kumi na wanne wako kwa mama zao. Mmoja ana kikohozi, na mama yake mwenyewe anakubali kwamba alikuwa nacho kabla. Leo ninawapa habari yote, ya furaha na ya taabu, pamoja na kosa moja ambalo ni letu sisi wakubwa.

Lakini kwanza nimjibu yule mama aliyeacha kucheka, kwa sababu neno lake ndilo lililokuwa moyoni mwangu pia. Wengi wetu tuliokwisha kupita miaka 35 tumelala porini, na hatukwenda kwa kupenda. Vita vilianza mwezi wa 8 mwaka 1998, na kabla ya mwaka kuisha vilikuwa vimeingia Maniema. Miaka iliyofuata, mpaka 2003, kulikuwa na familia hapa kwetu ambazo zilijua njia ya pori kuliko njia ya soko. Unasikia risasi, unafunga mtoto mgongoni, unashika sufuria moja, unaenda. Mimi nilikuwa msichana. Nilijua mti gani una matunda na kijito gani kina kaa, lakini sikujifunza kwa raha, nilijifunza kwa njaa. Amani iliporudi tulifunga mlango ule. Tukawaambia watoto: pori ni pabaya, kaeni nyumbani.

Sasa sikieni kilichonifanya nibadili mawazo. Mwezi wa 9, mvua ya kwanza kubwa iliingia jikoni kwetu usiku na kulowesha makala yote. Asubuhi nilikuwa nimetoka, na binti yangu wa miaka 14 alibaki na wadogo zake. Niliporudi saa nne nilikuta watoto hawajala. Sanduku zima la kiberiti limekwisha, na binti amekaa mbele ya mafiga anamulika kuni mbichi kwa taa ya simu. Kuni kavu zilikuwa pale pale, ndani ya magogo yaliyolala nyuma ya nyumba. Hakujua kwamba gogo lililoloa nje huwa kavu ndani. Angejua kutoka kwa nani? Mimi ndiye sikumwonyesha.

Niliipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa chama nikifikiri tutacheka. Hatukucheka. Kila mama alikuwa na yake: mmoja binti yake anaogopa kuvuka kijito, mwingine mtoto wake alikula uyoga wa njiani akalazwa siku tatu. Mama Prezida akauliza tufanye nini. Ndipo Mama Mzee wetu, yule anayeketi karibu na mlango na kusinzia, alipofungua macho. "Mnawaficha watoto pori," alisema, "kama mtu anavyoficha deni. Mwenye deni atakuja tu." Halafu akasema atatupeleka yeye mwenyewe, ila tusimpe mzigo wa kubeba.

Maandalizi hayakuwa makubwa. Tuliuliza kwanza habari za usalama, kwa watu wawili tofauti, siku ya mwisho kabisa, si wiki moja mbele. Wamama wenzetu wa Kabambare wanajua kwamba kuna sehemu kwao ambazo hata leo si za kwenda kulala, na mimi sitaandika hapa neno la kumfanya mtu ajaribu. Tulichagua msitu unaofuata kijito kuelekea Lualaba, upande wa Kasongo-Rive, mwendo wa saa moja tu kutoka kijiji cha mwisho. Tulimwona chifu wa kijiji, tukampa chumvi na sabuni, akatupa vijana wawili wa kulala karibu nasi. Wamama tulikuwa watano.

Kila mama alitoa franka kidogo na kopo la mchele. Tulibeba bashe mbili, kamba, mapanga matatu, sufuria mbili, vyandarua, mawese kwenye chupa, ndagala, chumvi, na sombe iliyokwisha kutwangwa. Kila msichana alibeba nguo kavu na kikwembe kimoja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kiberiti kiliwekwa ndani ya chupa yenye kizibo. Mama Mzee alibeba kitu kimoja tu: kifurushi cha makapi ya mawese, yale yanayobaki baada ya kukamua. Tulimwuliza ya nini, hakujibu.

Na jambo moja ambalo kwenye mikutano tunaliona haya: wasichana wanne kati ya kumi na wanne walikuwa wakubwa. Tuliweka vitambaa safi na sabuni kwenye mfuko wa peke yake, tukawaambia wote mfuko uko wapi, ili asiwepo wa kuomba. Mmoja aliuhitaji. Angekosa kuja kama tusingesema.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala ya mchana. Mawingu yalikuwa mazito tayari.

Tulipofika, sisi wamama tulianza kutazama chini, kutafuta pahali pasipo na mizizi. Mama Mzee alikuwa anatazama juu. "Chini kutakuumiza mgongo," alisema. "Juu kutakuua." Akatuonyesha tawi kavu, nene kama paja, limeshikwa na mizabibu ya porini juu kabisa ya pahali nilipokuwa nimeweka mzigo wangu. Tukahama. Pahali pa pili palikuwa pazuri, tambarare, na mchanga laini karibu na kijito. Hapo aliwaita wasichana na kuwauliza wanaona nini kwenye vichaka. Walitazama muda mrefu. Mwisho mdogo kuliko wote, wa miaka kumi, akasema: "Majani makavu yamenasa juu." Yalikuwa yamenasa kwenye matawi, juu ya kifua cha mtu mzima. Maji ndiyo yaliyoyaweka pale. Tukapanda mpaka kwenye kilima kidogo, tukakagua njia za siafu, tukakaa hapo.

Bashe la kwanza lilifungwa na vijana, na lilifungwa vizuri: upande mmoja juu, upande mwingine karibu na ardhi, mgongo kwa upepo. La pili tulilifunga sisi, mimi nikiwa mkubwa wa kazi. Wasichana walikata majani mapana, yale tunayofungia kwanga, wakayapanga chini juu ya vijiti ili mtu asilale kwenye udongo. Wengine walichimba mfereji mdogo kuzunguka, maji yapate pa kupita. Tulikula mapema, wali na ndagala, moto ukiwaka vizuri. Watoto waliimba.

Mvua ya msituni unaisikia kabla ya kukufikia. Inatoka mbali, kama gari kubwa linalopanda mlima, na majani ya juu yanaanza kulia wakati wewe bado uko pakavu. Wasichana walinyamaza. Halafu ikafika. Kwa muda mtu alikuwa hasikii anayezungumza karibu naye.

Sasa kosa. Bashe langu nilikuwa nimelifunga sawasawa pande zote nne, kama paa la soko, kwa sababu nilitaka wote wakae kwa nafasi. Maji hayakuwa na njia ya kwenda. Yalijaa katikati, bashe likafanya tumbo, na kabla hatujaliona gizani kamba moja ilikatika. Maji yote yalituangukia. Wasichana saba, wamama watatu, na mtoto mchanga wa miezi mitano.

Ndiyo, tulikuwa na mtoto mchanga. Mama yake alitaka kuja, anasema anyonyeshe wapi, nasi tukakubali. Hilo nalo ni kosa, na nasema hivyo ingawa mama huyo ni rafiki yangu na atasoma hapa. Mtoto wa ziwa asipelekwe kulala porini wakati wa mvua kwa ajili ya kujifunza. Wakati wa kukimbia ni mambo mengine.

Blanketi la mtoto lilikuwa limeloa lote. Moto ulikuwa umezimika. Mama yake alianza kumfunika kwa blanketi lile lile, maana ndilo alilokuwa nalo mkononi, na mimi nilisimama tu. Nawaambia ukweli, wamama: mikono yangu ilikataa. Nilikuwa nimerudi mwaka 1999.

Mama Mzee hakusimama. Alimvua mtoto nguo zote, akamwambia mama avue blauzi, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, tumbo kwa tumbo. Akamwambia binti yangu afungue mfuko wake wa plastiki. Kikwembe kile kikavu kilizungushwa juu ya wote wawili, na kitambaa kingine kikafunikwa kichwani kwa mtoto, kwa sababu joto la mtoto hutokea sana kichwani. Wakapelekwa chini ya bashe la vijana. Hicho ndicho wauguzi wanachofundisha kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nanyi wengi mmekiona kwenye vituo vya afya. Wengine hufikiri ni cha watoto wa hospitali tu. Ni cha mtoto yeyote aliyepoa. Nguo iliyoloa inamnyang'anya joto. Ngozi ya mama inampa.

Halafu moto. Mama Mzee alimwambia binti yangu, si mimi: "Njoo na panga."

Alimwonyesha kuchagua tawi lililokufa likiwa bado limesimama, si lile lililolala chini, kwa maana la chini linanyonya maji kama sponji. Walilipasua katikati. Ndani kulikuwa kweupe na kukavu, mvua ile yote juu yake. Kutoka kwenye moyo ule walichonga vipande vyembamba kama ndagala, halafu vingine kama kidole, halafu kama mkono, na kila fungu likawekwa peke yake kabla ya kuwasha chochote. "Watu wanawasha kwanza ndipo wanatafuta kuni," alisema. "Moto mdogo haungoji mtu." Chini waliweka magamba mawili ya mti ili moto usikae kwenye tope. Ndipo kifurushi cha makapi kilipofunguliwa. Kile kina mafuta ndani yake bado, na kinashika moto hata mikono ikiwa na maji. Kiberiti cha kwanza kilizimika, cha pili kikashika. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi anapuliza, na nywele zake ndani ya matope, na sikumwambia neno.

Moto ulipopata nguvu tulimsogeza mama na mtoto. Baada ya muda mtoto alianza kunyonya. Aliponyonya ndipo mimi nilipokaa.

Wasichana waliniona nalia wakauliza. Sikuwa nimewahi kumwambia mtoto yeyote, hata wangu. Usiku ule niliwaambia, kwa hiyo naweza kuwaambia ninyi. Mwaka 1999 dada yangu mkubwa alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Tulikuwa porini siku ya nne, watu kama thelathini, na ilinyesha tangu jioni. Makapi yalikuwepo. Kiberiti kilikuwepo. Baba zetu walikataza moto, kwa sababu moshi unaonekana na moto unanuka mbali, na waliokuwa wakitutafuta hawakuwa mbali. Walikuwa na haki kukataza. Mtoto alilia, halafu akaacha kulia, na sisi tukashukuru Mungu kwamba amenyamaza, maana kilio kingetuua. Kulipokucha alikuwa amekwenda. Hakupigwa risasi. Alikuwa ameloa.

Mama Mzee alikuwa katika kundi lile. Sikujua kama anakumbuka. Alisema tu: "Siku ile sikujua habari ya ngozi. Nilimfunga ndani ya kikwembe kilicholoa, kwa mikono hii." Tangu 2003 tunaketi naye kwenye chama kimoja, tunapokea mgao wa sabuni pamoja, na hatukuwa tumelitaja.

Hatukulala sana.

Jumamosi kulikuwa na jua kidogo asubuhi, na watoto ni watoto, walikuwa wamekwisha kusahau. Tulifunga bashe upya, mara hii likiwa na mteremko. Tulikinga maji ya mvua yanayotiririka kutoka juu yake, tukiacha ya kwanza yaoshe bashe, halafu tunajaza bidoni. Hata hivyo tuliyachemsha, sawa na ya kijito.

Uyoga ulikuwa umeota kila mahali. Sheria ilikuwa moja: hakuna mtoto kuweka uyoga kikapuni mpaka wakubwa wawili wautaje jina bila kusitasita. Tulitupa mwingi kuliko tuliopika. Msichana mmoja alinuna kwa sababu wake ulikuwa mzuri kuliko wote, mweupe kabisa, na ndio uliotupwa kwanza. Kupika hakuondoi sumu ya uyoga mbaya, wala kuona mdudu ameula si ushahidi. Mdudu si mtu.

Nyoka tulimwona mmoja, akaenda zake. Lakini tuliwafundisha: anayeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba kali mguuni. Akae kimya, asitembee, abebwe mpaka kituo cha afya. Vijana wetu walibishana sana juu ya kamba. Niliwaambia kamba hiyo imekata miguu ya watu ambao nyoka asingewakata. Na radi ikianza, mtu atoke majini na asikae chini ya mti ulio peke yake.

Mchana tulikwenda mpaka Lualaba. Ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo na visiwa vya majani, na wavuvi walikuwa wamevuta mitumbwi juu. Wasichana wawili walikuwa hawajawahi kuuona, na wamezaliwa Kasongo.

Tuliporudi kambini Mama Prezida alikagua miguu ya kila mmoja, kati ya vidole, kama anayekagua mchele. Watoto walicheka. Hapo niliwapa hadithi ya Mzungu Livingstone, ambayo ni ya kwetu kuliko wanavyofikiri. Aliingia Manyema akazunguka miezi mingi kwenye mvua na matope, na miguu ikaota vidonda ambavyo havikupona. Ikabidi akae Kabambare, yeye aliandika Bambarre, tangu mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871. Muda mrefu katika huo hakuweza kutembea. Karatasi zilikuwa zinamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotengenezwa kwa mmea. Nyangwe, hapa kando ya mto, alifika mwezi wa 3. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika, akashindwa na ngozi ya miguu. Osha, kausha kabisa, paka mawese kidogo, na ulale na miguu mikavu hata kama mchana kutwa ilikuwa ndani ya tope. Mabuti ya mpira yanayoingia maji na kukaa nayo ni mabaya kuliko kandambili.

Mchana mvua ikarudi, na tulipokuwa tumebanana chini ya bashe msichana mmoja aliuliza kama kuna watu wanaoingia msituni hivi kwa kupenda, tena kwa kulipa. Niliwaambia kuhusu wanawake wa Gazi.

Gazi ni kijiji cha pwani ya Kenya, kusini ya Mombasa, katika Kwale. Ni pwani ile ile ambayo Kiswahili chetu kilianzia safari, kikaja na misafara ya pembe na ya watumwa kupitia Ujiji mpaka hapa Kasongo. Msitu wao unaitwa mikoko. Umesimama ndani ya maji ya chumvi, na mizizi imetoka nje ya tope kama vidole, na bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Wanawake wa kikundi cha pale wana njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya miti. Mgeni analipa kidogo, anatembea, halafu wanampikia chakula. Tangu 2013 watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wana pia mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 hivi za mikoko, kwa sababu miti hiyo na tope lake hushika kaboni inayoharibu hewa, na kuna watu wa mbali wanaolipa ili miti isikatwe. Fedha hiyo imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Equator.

Msichana alitafakari. "Na tope letu nani atalilipia?"

Tulicheka sana, lakini aliuliza vizuri. Nilimjibu kwamba kwa sasa hakuna. Barabara yetu hata mwuza ndagala anailaani, atakuja mtalii gani? Sipendi tuingie kwenye chama kwa ndoto za wageni. Ila wanawake wa Gazi walianza kwa kuujua msitu wao, mti kwa mti, na hilo halihitaji barabara.

Usiku wa pili mvua ilikuwa ndogo, na kumbikumbi wakatoka. Tuliweka beseni la maji karibu na moto. Waliufuata mwanga wakaangukia ndani. Tuliwakaanga na chumvi, bila mafuta, wana yao wenyewe. Mtoto wa miaka kumi alikula mpaka akaumwa tumbo.

Jumapili asubuhi wamama Wakatoliki walisali chini ya mti, sisi tukakunja vitu. Ilikuwa ndio kwanza imeacha kunyesha. Binti yangu aliwasha moto wa mwisho wa chai peke yake, kiberiti kimoja. Kuni zilikuwa na unyevu kidogo, moshi ukawa mwingi, mweupe, ukapanda juu ya miti yote. Nilikuwa nautazama. Mama Mzee naye alikuwa anautazama. Binti akadhani tumekasirika, akaanza kuupepea uishe. "Uache," Mama Mzee akamwambia. "Uache upande."

Sasa mambo ya kufuata. Wamama wa watoto waliokwenda: mtoto akipata homa wakati wowote katika wiki nne hizi, msingoje na msimpe dawa ya dukani. Mpelekeni kituo cha afya apimwe malaria, na mseme kwamba alilala porini. Chandarua kililowa usiku wa kwanza, na mbu hawakulowa.

Safari ya pili itakuwa mwezi wa 2, Mungu akipenda na usalama ukiwepo. Nafasi ni kumi na nne tena, miaka kumi na kuendelea. Watoto wa ziwa hapana. Majina yaandikwe kwa Mama Prezida siku ya mkutano, na mama anayeandika mtoto wake aje mwenyewe, asimtume mtoto. Yule mama aliyeniambia pori tulilolala linatosha amekwisha kuandika jina. Si la binti yake, ni lake.

Makapi ya mawese kila mmoja alete yake. Na kiberiti kiwe ndani ya chupa.